Rova inagoma saa 9 alasiri Kigoma: ni dhoruba ya sumaku au ni anga lenyewe?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpima ardhi, nafanya kazi Kigoma. Tunapima kwa RTK, upimaji wa setilaiti wa kiwango cha sentimita unaotumia mashine mbili: besi, iliyotulia, tunaifunga juu ya paa la ofisi mjini, na rova tunatembea nayo mpaka Kidahwe, kilomita ishirini na kitu. Mwezi wa 3 na wa 10 tunateseka. Asubuhi rova inashika fiksi, yaani jibu la uhakika la sentimita, ndani ya dakika moja, lakini kuanzia saa 9 alasiri inang'ang'ania floti, jibu la kukadiria. Tukiiacha besi irekodi hadi usiku, faili linakuwa na mapengo kati ya saa 2 na saa 5. Mwezi wa 6 na wa 7 hatuna shida hiyo. Mwenzangu ana programu ya dhoruba za sumaku kwenye simu, na kila tukikwama anasema dhoruba hiyo. Lakini Mei 2024, dunia nzima ikishangaa ile dhoruba kubwa, Ijumaa ile tulifunga bikoni zetu, zile alama za mipaka ya viwanja, mpaka jioni bila tatizo. Jumapili intaneti ikakatika, akasema ndiyo imefika sasa. Tena baba yangu, aliyekuwa mwendeshaji wa redio ya masafa mafupi kambini miaka ya 90, anasema kuna siku redio zote zilikuwa zikifa mchana kwa nusu saa na kurudi zenyewe. Je, haya yote ni kitu kimoja? Na ile programu tuiamini?

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na mwangaluka kutoka Tabora. Mpe baba yako salamu zangu. Nitamfikia huko chini, maana swali lake ni zuri kuliko anavyodhani.

Nikujibu kwa ufupi kwanza, najua una kazi. Sehemu kubwa ya hicho kinachokusumbua si dhoruba. Ni anga la juu la Kigoma likiwa katika hali yake ya kawaida kwa miezi hiyo na saa hizo. Dhoruba ya sumaku, yaani sumaku ya dunia ikitikiswa na jua, ikija inaweza kulivuruga zaidi, na inaweza vilevile kulituliza, ndiyo maana namba anayoisoma mwenzako haikubaliani na rova yako. Saa ya ukutani na kalenda vitakuambia mengi kuliko ile programu. Sasa tukae.

Kuanzia kama kilomita 60 juu ya vichwa vyetu hadi kilomita mia kadhaa, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, urujuanimno na eksirei, inang'oa elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli za hewa. Eneo hilo lenye elektroni huru ndilo ionosfia. Tabaka zake zimepewa herufi. D iko chini kabisa, kilomita 60 mpaka 90, na jua likizama nayo inatoweka. E iko juu yake, hadi kama kilomita 150, na usiku hudhoofika sana. F ndiyo kubwa, na kilele chake mara nyingi kiko kati ya kilomita 250 na 400. Hiyo inakesha, kwa sababu kule juu hewa ni nyembamba mno na elektroni hukawia kupata ioni, yaani atomi iliyong'olewa elektroni, ya kuungana nayo. Setilaiti zako ziko kama kilomita 20,000 juu, kwa hiyo kila ishara inayofika kwenye rova imepita katikati ya tabaka zote hizo.

Elektroni zinaichelewesha ishara. Chukua nguzo yenye kitako cha mita moja ya mraba inayotoka kwenye mashine yako mpaka kwenye setilaiti, hesabu elektroni zilizomo. Zikifika trilioni 10,000, hicho ni kipimo kimoja. Kila kipimo kimoja kinaongeza sentimita 16 kwenye umbali unaosomwa kwa masafa ya kwanza ya GPS, L1, yale ya megahezi 1,575.42. Alasiri ya mwezi wa 3, katika mwaka ambao jua lina madoa mengi, yaani limechangamka, juu ya Kigoma vipimo hivyo vinaweza kupita 80. Zidisha mwenyewe: ni karibu mita 13, na hapo nazungumzia setilaiti iliyo utosini. Ile iliyo chini karibu na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ishara yake inakata tabaka kwa mshazari, na kosa linazidi hapo mara mbili au zaidi. Simu ya kawaida inategemea hesabu ya kukadiria inayotumwa na setilaiti zenyewe, na hesabu hiyo imeundwa ili iondoe takribani nusu ya kosa tu. Mashine yako inasoma masafa mawili au matatu, hivyo inajua kuliondoa karibu lote. Lakini RTK ina udhaifu wake, nitaufikia.

Kwanza, kwa nini Kigoma? Dunia ina ikweta mbili. Ile ya ramani inapita Uganda na Kenya. Nyingine ni ikweta ya sumaku, mahali ambapo mistari ya sumaku ya dunia imelala sambamba na ardhi, haichomi chini wala haichomozi juu. Kwa upande wetu wa Afrika hiyo imepanda kaskazini, inapita karibu na Addis Ababa. Kutoka kwenye mstari huo mpaka kwenu ni kama kilomita 1,600, takribani nyuzi 15 za kusini. Tabora tuko vivyo hivyo.

Nyuzi 15 hizo ndizo zinazokutesa. Mchana, juu ya ikweta ya sumaku, pepo za anga la juu zinazalisha uga wa umeme unaoelekea mashariki. Umeme wa mashariki ukikutana na sumaku iliyolala kuelekea kaskazini, elektroni na ioni zote kwa pamoja zinasukumwa juu. Zikishapanda mamia ya kilomita, zinateremka kwa uzito wake zikifuata mistari ya sumaku, nyingine kaskazini, nyingine kusini, na kujilundika kama nyuzi 15 kila upande. Matokeo yake juu ya ikweta yenyewe kunakuwa na bonde, na pembeni yake matuta mawili marefu ya elektroni. Edward Appleton, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1947 kwa utafiti wake wa ionosfia, aliyaandika mwaka 1946. Tuta la kaskazini linapita maeneo ya jangwa la Sahara. La kusini liko juu yenu na juu yetu.

Tuta hilo hukua polepole na kufikia unene wake kama saa 8 mpaka saa 10 mchana kwa saa ya jua. Nasema saa ya jua, maana saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao haugusi Tanzania hata kidogo. Unapita baharini na Somalia. Kigoma mko nyuzi 29 na nusu hivi. Jua lenu linachelewa saa nzima kuliko saa ya mkononi, na ndiyo maana jioni mnaanua dagaa bado kuna mwanga wakati Dar es Salaam wameshawasha taa. Kwa hiyo kilele cha tuta kwa saa yako ni kama saa 9 hadi saa 11 alasiri. Umeona? Wewe mwenyewe umepima tuta la Appleton kwa rova, bila kujua.

Sasa ule udhaifu wa RTK. Mashine inapata sentimita kwa kudhani kwamba besi na rova zinaona anga lilelile, hivyo kosa la moja linafuta kosa la nyingine. Nchi za Ulaya, anga likiwa tulivu, dhana hiyo inavumilia kilomita 15 au 20 bila wasiwasi. Kwenye ubavu wa tuta haivumilii. Elektroni zinabadilika haraka kutoka mahali hadi mahali, hasa ukienda kaskazini au kusini, kwa hiyo besi ya mjini na rova ya Kidahwe kila moja ina anga lake. Mashine inashindwa kujua ni mawimbi mangapi kamili yako kati yake na setilaiti, na isipojua inakuachia floti. Mstari wenu wa Kidahwe unaelekea mashariki, mna bahati. Mkihamia Manyovu, kaskazini, mtaona umbali uleule una usumbufu zaidi.

Hayo ni ya alasiri. Mapengo ya usiku yana sababu nyingine, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya habari yote.

Jua likizama, E inadhoofika upesi na F inabaki peke yake juu. Muda mfupi kabla uga wa umeme haujageuka kuelekea magharibi kwa ajili ya usiku, kwanza unapata nguvu ya ghafla upande uleule wa mashariki, na tabaka la F juu ya ikweta ya sumaku linatupwa juu. Sasa una kitu kizito juu ya kitu chepesi: elektroni nyingi juu, chini yake karibu patupu. Hali hiyo haidumu. Sehemu ndogo ya ule upatupu ikipata mwanya inapenya kwenda juu, inapanuka, inapanda tena. Hivyo ndivyo viputo vya plazma, plazma ikiwa ndiyo hewa hiyo ya elektroni na ioni. Kila kiputo kinajinyoosha kufuata mistari ya sumaku kaskazini na kusini, na kikipanda juu vya kutosha, miguu yake inafika nyuzi 15, yaani Kigoma kwa upande mmoja. Ndani yake na kingoni mwake elektroni zimevurugika vipande vipande vya ukubwa wa mita mia kadhaa.

Ishara ikipita hapo, nguvu yake inacheza. Ukisimama kwenye maji ya magoti pale ufukweni, ziwa likiwa safi na upepo mdogo ukitikisa uso wa maji, utaona mwanga wa jua kwenye mawe ya chini ukikusanyika mstari mkali, ukafifia, ukahamia pengine. Antena yako iko chini kwenye yale mawe. Ishara ikikusanyika inazidi, ikitawanyika inazama kiasi kwamba mashine inapoteza hesabu ya mizunguko, na masafa ya chini yanapotea mapema kuliko ya juu, ndiyo maana faili lako mara nyingi lina L1 lakini L2, masafa ya pili yaliyo chini zaidi, haipo. Na kwa kuwa tuta lenu ndilo lenye elektroni nyingi, mchezo huo kwenu ni mkali kuliko hata Addis Ababa, walio chini ya ikweta yenyewe ambako viputo vinaanzia.

Kwa nini mwezi wa 3 na wa 10, na si wa 6? Fuata mstari wa sumaku unaotoka juu ya Kigoma: unapanda, unavuka juu ya ikweta ya sumaku, na unashuka upande wa pili takribani kusini mwa Misri, maeneo ya Aswan. Ncha zote mbili zinagusa tabaka la E. Ncha moja ikiwa bado na jua, E yake inapitisha umeme, na umeme huo unaizuia F isiruke juu kwa nguvu. Kwa viputo kustawi, ncha zote mbili zinatakiwa kuingia gizani kwa pamoja. Karibu na Machi 21 na Septemba 23 jua linazama Kigoma na kusini mwa Misri karibu dakika ileile, na katika ukanda wetu mistari ya sumaku inakaribia kwenda sawa na ya longitudo, kwa hiyo giza linafika ncha zote kwa mkupuo. Mwezi wa 6 jua la kule linazama karibu saa nzima baada ya lenu. Mlango umefungwa. Mwenzako na programu yake hawakuwa na habari za Aswan.

Sasa dhoruba. Jua linatoa upepo wa chembe muda wote, na mara nyingine linatupa wingu kubwa lenye sumaku yake ndani. Wingu hilo linafika kwetu kwa siku moja mpaka tatu. Yale ya kasi sana hupungua hapo, kama la Septemba 1859 lililotumia saa 17 na nusu hivi. Likija na sumaku yake ikielekea kusini, kinyume na ya dunia, zinashikana, mlango unafunguka na nishati inaingia. Mkondo mkubwa wa umeme unaizunguka dunia makumi elfu ya kilomita juu, unadhoofisha sumaku tunayoisoma ardhini. Kudhoofika huko kunapimwa na vituo vinne vya karibu na ukanda wa joto: Hermanus kule Afrika Kusini, Kakioka Japani, Honolulu, na San Juan ya Puerto Rico. Machi 1989 kulifika nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 589 chini ya kawaida, na umeme wa jimbo la Quebec, Kanada, ukazimika kwa saa 9 kwa watu milioni 6. Mei 2024 kulipita 400. Sumaku yote ya Kigoma ni kama nanotesla 33,000, kwa hiyo hata dhoruba ile ni asilimia moja na kidogo. Nahodha wa boti akitazama dira haoni chochote.

Namba anayoisoma mwenzako ni Kp, kipimo cha mtikisiko wa sumaku ya dunia, kutoka 0 hadi 9, inayotolewa kwa kila saa 3. Inatoka kwenye vituo 13, vingi vikiwa Ulaya na Amerika Kaskazini, viwili Australia na New Zealand, na hakuna hata kimoja kwenye tropiki. Inakuambia kwa uaminifu kabisa jinsi sumaku ilivyotikisika huko kwao. Haikuambii tuta la Kigoma limefanywa nini.

Maana dhoruba inalifikia anga letu kwa njia mbili zinazogombana. Ya kwanza ni ya haraka: uga wa umeme kutoka ncha za dunia unapenya hadi ikweta ndani ya dakika chache. Upande wa dunia wenye mchana na machweo unaongeza ule msukumo wa kupanda juu, tuta linanenepa na kusogea mbali zaidi na ikweta, na jioni viputo vinapata nguvu. Upande wa usiku unafanya kinyume. Ya pili inachelewa saa kadhaa na inaweza kukaa siku nzima au mbili: dhoruba imepasha joto hewa ya kule kwenye ncha, pepo zinavuma kuja ikweta, na umeme zinaouzalisha ni kinyume cha ule wa kawaida. Mchana msukumo unapungua, tuta linasinyaa. Jioni F hairuki, viputo havizaliwi. Baadaye usiku wa manane mpaka alfajiri inaweza kugeuka tena na kuleta vya kuchelewa. Kwa hiyo Kp ikiwa 7, unaweza kupata jioni mbovu kuliko zote za mwaka au jioni safi ambayo hukuitarajia. Kinachoamua ni saa ngapi kwa saa ya Kigoma dhoruba ilipoanza, na imekaa muda gani.

Turudi Ijumaa ile, Mei 10, 2024. Wingu la kwanza liliigonga sumaku ya dunia dakika 5 baada ya saa 2 usiku kwa saa yetu. Wewe ulikuwa umeshafungasha tripodi na pengine umeshakula. Kilele chake kikawa kama saa 11 alfajiri ya Jumamosi. Hukuona tatizo Ijumaa alasiri kwa sababu dhoruba ilikuwa haijafika, basi. Marekani, ambako ilikuwa mchana na msimu wa kupanda, wakulima wenye matrekta yanayoongozwa na setilaiti walilazimika kusimama. Kama besi yenu ilibaki ikirekodi usiku ule, hilo ndilo faili ningependa kuliona.

Ya Jumapili, Mei 12, hayahusiani. Siku hiyo nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo haupiti ionosfia. Zilikuwa siku zinazokaribiana, na watu wengi waliunganisha, hata wasomi. Na kwa kuwa tuko hapo: ule ujumbe wa WhatsApp unaozunguka kila mwaka ukisema leo usiku wa manane mionzi ya anga itapita, zima simu na uiweke mbali na kitanda, ufute. Kama una shangazi anayeutuma, mwambie kwa adabu.

Sasa baba yako. Anachokisema ni kweli, na wala si dhoruba ya sumaku. Ni mwako wa jua. Eksirei zake zinafika kwa dakika 8 na sekunde 20, kasi ya mwanga, bila kusubiri wingu lolote, na zinaishukia tabaka la D. D ghafla inajaa elektroni mahali ambapo hewa bado ni nzito, elektroni zinagongana na molekuli kabla hazijairudisha ishara, na nguvu ya wimbi inaishia kuwa joto. Inatokea upande wa dunia wenye jua tu. Nimekaa kwenye redio hizo hapa Tabora, na dalili yake ni moja fundi haisahau: si sauti ya mwenzako tu inayopotea, hata ule mvumo wa kawaida wa masafa mafupi, kwaruza za radi za mbali, vyote vinafifia pamoja ndani ya dakika chache mpaka spika inakuwa kimya kana kwamba umechomoa antena. Vijana wapya walikuwa wanakimbilia bisibisi, wanafungua kisanduku kutafuta fyuzi. Mzee angewaambia waache, wajaribu masafa ya juu zaidi, kwa sababu masafa ya chini ndiyo yanayomezwa kwanza na ndiyo yanayorudi mwisho. Nusu saa, saa moja, mambo yanakaa sawa.

Dhoruba yenyewe ikija kesho yake au keshokutwa, dawa inaweza kuwa kinyume. Ikiwa F imekonda, masafa ya juu yanaitoboa na kupotelea angani badala ya kurudi Kasulu au Kibondo, na mwendeshaji anatakiwa ashuke, mathalani kutoka megahezi 7 hadi 4. Muulize baba kama anakumbuka siku ambazo masafa ya mchana yalikataa tangu asubuhi bila kufa ghafla. Hizo ndizo za kuzitilia shaka kuwa dhoruba.

Upande wa kazi yako, ningefanya hivi. Miezi ya 3, 4, 9 na 10, bikoni za mbali zimalize kabla ya saa 7 mchana. Alasiri fanya zile za karibu, na kama hakuna namna, hamisha besi ikae kilomita 5 au pungufu kutoka kazini. Kero ya kubeba betri ni ndogo kuliko kero ya kurudia. Ruhusu mashine isome mifumo yote ya setilaiti, GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, na setilaiti zilizo chini ya nyuzi 15 za mwinuko uzikatae. Faili la usiku liache lianze saa 7 usiku na kuendelea hadi asubuhi, badala ya saa 1 jioni.

Floti haiogopeshi. Kinachoniogopesha ni fiksi ya uongo. Anga likicheza, mashine inaweza kutangaza fiksi huku imekosea hesabu ya mawimbi, ikakupa namba nzuri yenye kosa la sentimita 20 au 30, na kwenye viwanja vya mjini hizo ni ukuta wa jirani. Kila alasiri ya miezi hiyo pita kwenye bikoni unayoijua kabla na baada ya kazi. Kona yoyote yenye mgogoro ipime mara mbili kwa saa tofauti, moja iwe asubuhi.

Kuhusu yale mapengo, usichukue neno langu. Fungua faili utazame setilaiti moja moja. Viputo vina upana wa makumi ya kilomita mpaka mia na zaidi, na vinasafiri kuelekea mashariki kwa kama mita 100 kwa sekunde. Kwa hiyo kama ni viputo, setilaiti hazikatiki kwa pamoja: moja inachafuka dakika kumi, ishirini, inapona, kisha nyingine, kwa kawaida za upande wa Kongo zikianza na za upande wa Uvinza zikifuata. Zikikatika zote sekunde ileile, angalia betri na kiunganishi cha waya wa antena kabla hujalisingizia jua. Ipo hali moja ya jua kuzipiga zote kwa pamoja, mlipuko wa mawimbi ya redio kama wa Desemba 6, 2006, lakini huo hutokea mchana na ni wa nadra. Kiunganishi kilicholegea si cha nadra.

Programu ya mwenzako msiifute. Kp ikipanda 7 na kuendelea, andikeni pembeni ya karatasi ya kazi saa ilipoanza kupanda, na siku mbili zinazofuata mtazame kama tuta la saa 9 lipo au halipo. Mzunguko huu wa jua, wa 25, ulianza Desemba 2019 na kufika kileleni kama Oktoba 2024. Madoa yakizidi kupungua miaka ijayo, alasiri zenu zitalegea zenyewe na viputo vitapungua, ila dhoruba za hapa na pale zitaendelea kuja hata jua likiwa linashuka. Ukipata usiku mmoja wa Machi wenye Kp ya juu na faili lisilo na pengo hata moja, nitumie. Nitalisoma hapahapa.